Kupima Mruko kwa Haki

Ninyi nyote mwajua kuruka. Mwaruka mfereji mkienda shuleni. Mwaruka kamba wakati wa mapumziko. Mwaruka kwa furaha mwalimu akisema kwamba kesho ni sikukuu. Hata mbuzi huruka, hata chura. Lakini mtu peke yake ndiye ajiulizaye: "Je, nimeruka kadiri gani? Nimeendelea kuliko mwaka jana, ama nimebaki palepale?"

Ulizo hili laonekana dogo, kumbe kulijibu ni kazi. Mruko hupita upesi sana. Mtu akiruka wima, miguu yake haikai hewani hata sekunde moja. Jicho halina nafasi ya kupima. Tena jicho lina upendeleo: rafiki yetu tunamwona ameruka juu, na yule tusiyempenda tunamwona ameruka chini. Mara wakubwa kwa wadogo wanagombana uwanjani, na mchezo unageuka vita.

Kwa hiyo watu wa nchi nyingi walitengeneza vyombo vya kupimia mruko, na vyombo vingine vya kumzoeza mrukaji. Leo tutaviangalia vyombo hivyo. Tutaona pia kwamba kipimo chema hufanya kazi mbili: humnyamazisha mwenye kujisifu bure, na humpa mwenye nguvu kweli heshima yake.

1. Mtu wa majivuno

Wagiriki wa kale walisimulia hadithi hii, nayo imewekwa pamoja na hadithi za Aesop. Mtu mmoja alisafiri nchi za mbali. Aliporudi kwao alianza kujisifu: "Nilipokuwa katika kisiwa cha Rhodes niliruka mruko ambao hakuna mtu awezaye kuufikia. Watu wa Rhodes waliniona. Waulizeni!" Mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza akamjibu kwa upole: "Ndugu, mashahidi wa nini? Fikiri kwamba hapa ndipo Rhodes. Uruke, tuone." Yule mwenye majivuno akanyamaza.

Wagiriki hao walipenda sana mashindano ya kuruka mbali. Walilima shimo refu na kuulainisha udongo wake. Waliweka alama mahali pa kukanyagia. Walikuwa na fimbo ya kupimia. Tena mrukaji alishika mkononi vipande viwili vya jiwe au vya risasi, kimoja kila mkono. Wakati wa kuruka alivirusha mbele, na kabla ya kutua alivivuta nyuma. Mwaweza kusema: "Mzigo humzuia mtu, hauwezi kumsaidia!" Lakini mwaka 2002 wenye elimu wawili walilichunguza jambo hili, wakaona ya kwamba mtu arukaye meta 3 bila mbio, akivitumia vizuri vipande hivyo, aweza kuongeza sentimeta 17 hivi. Basi hivyo ni mojawapo ya vyombo vya kwanza vilivyotengenezwa kwa ajili ya mruko.

Hata hivyo, habari zao si zote za kusadikiwa. Walisimulia juu ya mtu mmoja, Phayllos wa mji wa Croton, kwamba aliruka futi 55, maana yake zaidi ya meta 16. Lakini mwaka 1991 Mike Powell wa Marekani aliruka meta 8,95, naye alikuwa amewapita wote waliopimwa kabla yake. Je, Phayllos aliruka karibu mara mbili ya huyo? Labda walihesabu miruko kadhaa mfululizo. Labda wasimulizi waliongeza chumvi. Fimbo ya kupimia ilikuwako, lakini desturi ya kupima na kuandika kila mruko haikuwako.

2. Warukaji wa Rwanda

Tusiende mbali. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na mchezo wa kuruka juu, ulioitwa gusimbuka urukiramende. Vijana waliolelewa katika nyumba ya mwami waliuzoea mchezo huo pamoja na kucheza ngoma na kutupa mkuki.

Mwaka 1907 mtu mkubwa wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alifika Rwanda, wakati wa Mwami Yuhi Musinga. Wakamwonyesha mchezo huo. Kamba ilifungwa kati ya miti miwili, nayo iliweza kupandishwa na kushushwa. Vijana walikuja mbio, wakakanyaga kichuguu kidogo kigumu, wakapita juu ya kamba. Picha ilipigwa. Yaonyesha kijana akipita hewani, na chini yake watu wazima wamesimama wima. Mgeni yule aliandika kwamba mruko mmoja ulifika meta 2,50.

Watu wa Ulaya waliposoma habari hiyo walistaajabu, kwa sababu wakati ule hakuna mrukaji wa kwao aliyefika hata meta 2. Mwaka 1912 George Horine wa Marekani alifika meta 2,00. Na mwaka 1993 Javier Sotomayor wa Kuba alifika meta 2,45.

Je, twaweza kusema kwamba vijana wa Rwanda waliwashinda wote hao? Hatuwezi. Kile kichuguu kilikuwa na kimo cha futi moja, yaani sentimeta 30 hivi, na Horine na Sotomayor walirukia katika ardhi tambarare. Basi, je, twaweza kuondoa sentimeta 30 na kusema kwamba waliruka meta 2,20? Hilo pia hatuwezi. Kichuguu hakimwinui mtu tu. Hubadili namna mguu unavyokanyaga na namna mwili unavyopanda.

Angalieni hasara iliyotokea hapo. Vijana wale walikuwa warukaji hodari, hakuna anayekana. Lakini hawakupimwa kwa sheria moja na wenzao wa nchi nyingine. Kwa hiyo wengine waliwasifu kupita kiasi, wengine wakawaita waongo, na majina yao hayakuandikwa katika kitabu cha washindi. Kipimo kisicho sawa kiliwanyima heshima yao.

3. Mfaransa aliyeuandika mwendo

Katika Ufaransa alikuwako daktari mmoja, Étienne-Jules Marey, aliyezaliwa mwaka 1830 na kufa mwaka 1904. Daktari Marey alitaka kuona mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Alisema moyoni: Ikiwa jicho ni polepole mno, nitatafuta chombo chenye haraka kuliko jicho.

Kwanza alitengeneza viatu vyenye nafasi ya hewa ndani ya soli. Mguu ukikanyaga, hewa ilisukumwa katika mrija wa mpira hata kufika kwenye kalamu ndogo. Kalamu ikachora mstari juu ya karatasi inayozunguka. Hivyo mguu wenyewe uliandika habari zake.

Mwaka 1882 alitengeneza chombo cha kupigia picha chenye umbo la bunduki. Hakikuua ndege, bali kiliwapiga picha 12 katika sekunde moja. Mwaka huohuo alianzisha mahali pa uchunguzi katika mji wa Paris, pamoja na msaidizi wake Georges Demenÿ. Wanariadha walikuja huko kukimbia na kuruka mbele ya ukuta mweusi. Marey na Demenÿ walitengeneza pia sakafu ya ubao, na chini yake mirija ya mpira iliyoviringishwa. Mtu akiruka kutoka juu ya ubao ule, kalamu iliandika jinsi alivyousukuma. Mwaka 1885 waliandika habari za mruko wa mtu kwa vyombo hivyo.

Siku hizi sakafu hiyo ni sahani ya chuma yenye vyombo vya umeme, lakini kazi yake ni ileile. Tuchukue mfano wa mtoto mwenye kilo 30. Akisimama kimya juu ya sahani, sahani yaonyesha 30. Akianza kuchuchumaa kwa ghafula, yaonyesha pungufu ya 30. Akisukuma ardhi ili aruke, hesabu yapanda, pengine hata kufika 60. Akiwa hewani, yaonyesha 0. Naye akitua na miguu mikavu kama vijiti, hesabu yapanda juu kabisa, maana mwili wote unagonga kwa mara moja. Lakini akitua na kukunja magoti taratibu, pigo lapungua sana.

Mwaona, watoto? Chombo hiki hakipimi mruko tu. Chatufundisha pia jinsi ya kutunza magoti yetu.

4. Chaki na ukuta

Si kila shule yaweza kununua sahani ya umeme. Lakini kila shule ina ukuta na chaki.

Bwana Dudley Allen Sargent alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha Harvard, huko Marekani. Mwaka 1921 aliandika kwamba mruko wa wima, mtu akiruka bila mbio, ni njia fupi ya kujua nguvu ya mwili wake. Tangu hapo waalimu wa nchi nyingi wanautumia mruko huo, na wengi wanauita kwa jina lake. Njia ya chaki ni hii:

Mwanafunzi apake chaki kwenye vidole vyake. Asimame ubavu kwa ukuta, nyayo zote mbili zimegusa chini. Anyoshe mkono juu kabisa na kuweka alama ya kwanza. Kisha achuchumae kidogo, aruke wima, na kuweka alama ya pili huko juu. Mwalimu apime nafasi kati ya alama hizo mbili.

Mfano: alama ya kwanza iko kwenye sentimeta 165, na ya pili kwenye sentimeta 197. Toeni 165 katika 197. Mruko ni sentimeta 32.

Angalieni uzuri wa njia hii. Mtoto mrefu hamshindi mtoto mfupi kwa sababu ya urefu wake, maana kila mmoja anapimwa na mkono wake mwenyewe. Lakini njia hii ina mlango wa hila. Mwenye kusimama na kuulegeza mkono wake kwa makusudi ataiweka alama ya kwanza chini, na mruko wake utaonekana mkubwa. Kwa hiyo mwalimu aangalie vizuri bega na nyayo.

Baadaye mafundi walitengeneza mlingoti wa chuma wenye vijiti vyembamba vingi, kimoja juu ya kingine, nafasi ya sentimeta moja na kidogo. Mrukaji huvipiga kwa mkono, navyo huzunguka na kubaki upande. Kijiti cha juu kilichozunguka ndicho kipimo chake. Hapo hakuna mtu wa kusema, "Niligusa juu zaidi, lakini chaki ilikwisha."

5. Kupima kimo kwa saa

Sasa nitawaambia jambo la ajabu. Mruko waweza kupimwa bila kamba, bila ukuta, bila fimbo. Wapimwa kwa saa.

Kila kitu kinachorushwa juu huvutwa tena na ardhi. Embe likianguka mtini, huanza polepole na kuzidi kukimbia. Mrukaji naye ni hivyohivyo. Hupanda kwa nusu ya muda, na hushuka kwa nusu ya muda. Akikaa hewani muda mrefu zaidi, ndiyo kusema amepanda juu zaidi. Hakuna awezaye kuibadili sheria hii, tajiri wala maskini, maana Mungu ameiweka kwa viumbe vyote.

Mwitalia Carmelo Bosco aliitumia sheria hiyo. Katika mwaka 1983, yeye na wenzake waliandika habari za njia yao ya kupima nguvu za warukaji. Mrukaji husimama juu ya mkeka wenye nyaya za umeme. Miguu ikiacha mkeka, saa huanza. Miguu ikigusa tena, saa husimama. Kisha hesabu hufanywa hivi: chukueni muda wa kukaa hewani, muuzidishe kwa muda huohuo, kisha mzidishe kwa 123. Jibu ni kimo kwa sentimeta.

Sekunde 0,4 hutoa sentimeta 20.
Sekunde 0,5 hutoa sentimeta 31.
Sekunde 0,6 hutoa sentimeta 44.
Sekunde 0,7 hutoa sentimeta 60.

Linganisheni 0,5 na 0,6. Tofauti ya muda ni sehemu moja tu katika kumi ya sekunde, nafasi ndogo kama kufumba jicho. Lakini tofauti ya kimo ni sentimeta 13! Ndiyo sababu mtu hawezi kupima mruko hivi kwa saa ya mkononi. Kidole chake kitachelewa, naye atamdhulumu mrukaji bila kukusudia.

Njia hii nayo ina hila yake. Mtu akikunja magoti kabla ya kutua, miguu yake itachelewa kugusa mkeka. Saa itadhani kwamba ameruka juu kuliko kweli. Kwa hiyo sheria ni hii: ondoka na miguu iliyonyoka, uguse chini na miguu iliyonyoka, kisha ndipo ukunje magoti.

Siku hizi hata simu ya mkononi yenye kamera ya haraka yaweza kufanya kazi hiyo. Hupiga picha nyingi sana katika kila sekunde. Mtu hutafuta picha ambayo miguu imeondoka chini na picha ambayo imegusa tena, kisha simu hupiga hesabu. Chombo ni kipya, lakini fikira ni za Marey na Bosco.

6. Siku mbili katika mji wa Mexico

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico. Huko yalitokea mambo mawili ambayo mpaka leo watu wa michezo huyasimulia.

Tarehe 18 Oktoba Bob Beamon wa Marekani aliingia katika mashindano ya kuruka mbali. Kipimo kikubwa kabisa kilichokuwa kimeandikwa mpaka siku hiyo kilikuwa meta 8,35. Waamuzi walikuwa na chombo kipya chenye kioo cha kuonea, kilichosogezwa juu ya reli kandokando ya shimo la mchanga. Beamon akaja mbio, akakanyaga ubao, akaruka. Waamuzi wakasogeza chombo chao ili wapime. Chombo kikafika mwisho wa reli, na alama ya Beamon ilikuwa mbele bado! Fundi aliyekitengeneza hakufikiri kwamba mtu aweza kufika huko.

Waamuzi wangefanya nini? Wangekisia? Sivyo. Walikwenda kuleta utepe wa chuma, wakapima kwa uangalifu. Meta 8,90! Beamon hakuzoea kuhesabu kwa meta, akawa haelewi. Mwenzake alipomwambia hesabu ile kwa futi, miguu ilimlegea akaanguka chini.

Waamuzi walipima pia upepo, maana upepo unaopuliza mgongoni humsukuma mrukaji. Sheria yaruhusu upepo wa meta 2,0 katika sekunde moja, usizidi. Upepo wa Beamon ulikuwa 2,0 kamili. Kama chombo cha upepo kingeonyesha kidogo zaidi, mruko wake haungeandikwa kati ya vipimo vikubwa vya dunia. Chombo hicho huwekwa kando ya njia ya mbio, meta 20 kabla ya ubao wa kukanyagia, na kuangaliwa kwa muda wa sekunde 5.

Siku mbili baadaye, Dick Fosbury, naye wa Marekani, aliruka juu kwa namna ambayo watazamaji wengi hawakuijua. Wengine walipita juu ya ufito wakiuelekeza uso chini. Yeye aliupa ufito mgongo, kichwa kikatangulia, akatua kwa mabega. Alishinda kwa meta 2,24. Baada yake warukaji wa dunia nzima walimfuata. Hata Yaroslava Mahuchikh, msichana wa Ukraine aliyeruka meta 2,10 mjini Paris mwaka 2024, aliruka kwa namna hiyo.

Kwa nini wazee wa zamani hawakuruka hivyo? Kwa sababu walitua katika mchanga au vumbi la mbao. Mwenye kutua humo kwa shingo angevunjika. Lakini katika miaka ile magodoro manene na laini yalianza kuwekwa penye mchanga. Godoro likazaa mruko mpya. Basi, watoto, sikilizeni sana: penye mchanga au majani hapana ruhusa ya kuruka namna ya Fosbury. Palipo na mchanga tunatua kwa miguu.

7. Kuuzoeza mwili

Kipimo peke yake hakimwinui mtu. Mzani haumnenepeshi mbuzi. Lazima mwili uzoezwe.

Simameni mkakunje magoti, mkae hivyo kimya mkihesabu mpaka tatu, kisha mruke. Pumzikeni. Sasa simameni wima, mchuchumae kwa haraka na kuruka papo hapo. Pimeni yote mawili ukutani kwa chaki. Kwa kawaida mruko wa pili hupita wa kwanza. Sababu yake ni nini? Misuli na mishipa yake ni kama mpira wa manati. Ukiivuta na kuiachia mara moja, yarudi kwa nguvu. Ukiivuta na kukawia, nguvu ile yapotea. Bosco naye alilinganisha miruko hiyo miwili ili ajue jinsi misuli ya mtu inavyojua kurudi.

Mwalimu mmoja wa Urusi, Yuri Verkhoshansky, alianza katika miaka ya 1960 kuwazoeza watu wake kwa njia hiyo. Mrukaji alisimama juu ya sanduku imara, akajiangusha chini, na mara tu miguu ilipogusa ardhi akaruka tena juu. Mazoezi hayo ni makali, nayo ni ya watu wazima waliokwisha kujitayarisha. Kwa mtoto, kamba ya kurukia yatosha. Nayo yafundisha jambo lilelile: kugusa chini na kuondoka upesi.

Usiruke kila siku mpaka uchoke kabisa. Misuli hupata nguvu wakati wa kupumzika. Nayo magoti yakiuma, acha na umwambie mwalimu wala usione haya.

8. Tufanye nini shuleni kwetu?

Kila mwaka, sikukuu ya shule ikikaribia, madarasa hushindana. Haya ndiyo ya kutayarisha:

Shimo. Limeni kwa kina na kuondoa mawe yote, mizizi na vipande vya chupa. Tieni mchanga. Jembe na reki visiachwe karibu na shimo hata kidogo.

Ubao wa kukanyagia. Chukueni ubao wa upana wa sentimeta 20, mkauzike sawasawa na ardhi. Upande wake wa mbele uwe mstari. Mwenye kuupita mstari kwa kidole cha mguu, mruko wake hauhesabiwi. Katika mashindano makubwa waliweka udongo laini mbele ya mstari ili kidole kiache alama. Siku hizi huko hutumia kamera. Ninyi wekeni mchanga wenye maji, usawazishwe kila mara.

Kupima mbali. Anzeni kwenye mstari, na kufika kwenye alama iliyo karibu zaidi na mstari. Mtu akitua kwa miguu kisha akaanguka nyuma kwa mkono, alama ya mkono ndiyo ya kupimia. Utepe usitumike umelegea. Kamba isitumike, maana kamba huvutika, na ikilowa hubadili urefu wake.

Kupima juu. Simikeni miti miwili. Pigilieni misumari kila baada ya sentimeta 5, upande wa kutulia, ili ufito uanguke upesi ukiguswa. Ufito uwe wa tete, si wa chuma. Pimeni kimo katikati ya ufito, maana hapo hulegea na kushuka.

Mwamuzi. Asipime mtu aliye na ndugu yake kati ya warukaji. Na kama hakuna mwingine, basi wapime wawili, na kila kipimo kisomwe kwa sauti mbele ya wote na kuandikwa papo hapo.

Daftari. Kila mwanafunzi awe na ukurasa wake. Aandike tarehe, mruko wa mbali, mruko wa juu na mruko wa chaki. Mwezi ujao aandike tena.

9. Juu zaidi

Mwaka 1891 padri mmoja wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, Henri Didon, aliyekuwa mkuu wa shule huko Arcueil karibu na Paris, aliwapa wanafunzi wake wa michezo maneno matatu ya Kilatini: Citius, Altius, Fortius. Maana yake ni: Upesi zaidi, Juu zaidi, Nguvu zaidi. Rafiki yake Pierre de Coubertin aliyachukua maneno hayo kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki. Mwaka 2021 wakubwa wa michezo hiyo waliongeza neno la nne: Pamoja.

Watoto, Padri Didon alisema "juu zaidi". Hakusema "juu kuliko wote". Katika darasa zima mmoja tu aweza kuwa wa kwanza. Lakini mwenye sentimeta 24 mwezi huu na 27 mwezi ujao amekwenda juu zaidi, hata akiwa wa mwisho. Bila daftari asingelijua jambo hilo, naye angekata tamaa. Kipimo cha kweli humtia moyo mnyonge kama vile kinavyompa hodari sifa yake.

Mwili wako ni zawadi ya Mungu. Uzoeze, uutunze, wala usiusemee uwongo. Ukiruka sentimeta 27, andika 27.

Maulizo

1. Kwa nini jicho peke yake haliwezi kupima mruko vizuri?
2. Kwa nini hatuwezi kulinganisha mruko wa vijana wa Rwanda wa mwaka 1907 na mruko wa Horine?
3. Sahani ya kupimia yaonyesha nini mrukaji akiwa hewani? Kwa nini?
4. Alama ya kwanza ya Maria ni sentimeta 158, ya pili ni sentimeta 187. Ameruka kadiri gani?
5. Mtu amekaa hewani sekunde 0,6. Onyesheni kwa hesabu kwamba ameruka sentimeta 44.
6. Waamuzi wa Mexico walifanya nini chombo chao kilipofika mwisho wa reli? Mwawasifu kwa nini?
7. Kwa nini ni hatari kuruka namna ya Fosbury penye mchanga?
8. Pimeni mruko wenu kwa chaki leo, na tena baada ya mwezi mmoja. Andikeni yote mawili katika daftari.